Kabla ya Kunifundisha Kuinama, Pima Gunia

(Maneno niliyowaambia wapakiaji, wajenzi na wasimamizi wao tulipokutana katika ukumbi mmoja wa Makadara, Nairobi, tarehe 28 Aprili, Siku ya Usalama na Afya Kazini Duniani. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema, ila kikohozi nimekiacha.)

Harambee!

Asanteni. Mmeitika kama watu waliokunywa uji.

Wakubwa wa magodauni mlioketi mbele, wazee wenzangu, kina mama wa masoko ya Gikomba na Marikiti, vijana wa mjengo na wa mkokoteni, hamjambo. Msishike mifuko, sikuja kuomba mchango. Neno harambee siku hizi tunalisikia kwenye karo na bili za hospitali, hata tumesahau kwamba lilianza kama neno la kazi yetu. Lilikuwa mwito wa wabeba mizigo wa pwani: watu wameshika kamba, mmoja anaita, wenzake wanaitika, kitu kizito kinasogea. Mzee Kenyatta akalichukua mwaka 1963 akalifanya mwito wa nchi, likaingia kwenye nembo ya taifa. Kila Mkenya anayepanda ndege pale JKIA amebeba sauti ya kuli kwenye jalada la pasipoti yake. Na mwito wenyewe huwezi kujiitikia peke yako. Mtu aliye chini ya gunia la kilo 90, kichwa kimeinama, jasho linaingia machoni, ataitikiwa na nani?

Mimi nimebeba magunia miaka 14. Nilianza nikiwa tanboi, msaidizi wa dereva, wa lori la mahindi la kutoka Kitale, kisha nikaingia godauni moja hapa Industrial Area ambalo sitalitaja, maana nimekuja kuzungumza habari ya migongo, sikuja kulipiza kisasi. Leo natunza stoo mahali pengine na niko kwenye kamati ya usalama. Udaktari sikusomea. Ninayoyajua nimeyapata kwa kiuno changu, na kwa kuwasumbua watu wa hospitali na wa ofisi ya usalama kazini kwa maswali mpaka wakanizoea.

Siku niliyoumia tulikuwa tumepakua mahindi tangu asubuhi. Kwa hesabu yangu nilikuwa nimebeba magunia 100. Saa kumi jioni kazi imekwisha, nimeshanawa, nimevaa shati la kwendea nyumbani. Karibu na mlango kulikuwa na kipande cha kamba ya katani, ile tunayoshonea midomo ya magunia. Nikainama kukiokota. Nikasikia kitu kama uzi unaokatika, huku chini, juu kidogo ya mkanda. Sikuinuka. Nilibaki hivyohivyo, vidole vimegusa kamba, naviona viatu vya msimamizi vikija. Akaniuliza, “Umeangusha nini?”

Wenzangu walicheka. Siwalaumu, hata mimi ningecheka. Mwanamume aliyeshinda chini ya magunia tangu alfajiri ameangushwa na kamba! Lakini kicheko kile kilinigharimu, kwa sababu kwenye daftari la ajali hakukuandikwa kitu. Siku ya tatu, nilipopelekwa kuomba ruhusa huku nimeshikwa mkono kama bibi harusi, niliambiwa kwamba kamba haivunji mtu, na kwamba huenda nilikuwa na kibarua kingine nyumbani. Mke wangu alinifunga kamba za viatu kwa miezi miwili. Mtoto wetu wa darasa la pili akadhani ni mchezo mpya, naye akawa anamletea mama yake viatu afungwe.

Kamba ile sijui ilikuwa na gramu ngapi. Ninachojua ni kwamba magunia 100 ya kilo 90 ni tani 9, na hizo ndizo zilizoniumiza. Kamba ilikuwa risiti tu.

Majeraha ya kuelemewa huja hivyo mara nyingi. Wengine, ni kweli, huumia palepale mzigo ukiwa mabegani, wakateleza, wakajipinda. Lakini wengi huumia kidogo kidogo kama kitambaa kinachosuguliwa, na siku kinapopasuka anayesingiziwa ni msumari uliokuwa karibu. Ndiyo maana nataka tuanze kwa kuangalia mzigo wenyewe.

Kijana wa shati la buluu, wewe unayecheka, njoo hapa mbele. Hili ni bunda la unga, pakiti 12 za kilo 2. Jumla ni ngapi? Kilo 24, vizuri, hesabu unaijua. Lishike karibu na tumbo. Unaonaje? Anasema jepesi. Sasa linyooshee mbele, mikono iende mbali na mwili. Endelea. Mbona mabega yanatetemeka? Unga ni uleule, hakuna aliyeongeza pakiti. Weka chini, asante, kaa, na usicheke tena wazee.

Mnaijua ile mizani ya jukwaa ya kupimia nafaka, yenye magurudumu madogo. Gunia limekaa chini, na juu, kwenye mkono wa chuma, kuna jiwe dogo linaloning'inia. Jiwe lile la kilo chache linasimamisha gunia zima kwa sababu liko mbali na mhimili. Sasa mgongo wako ni mizani hiyo, ila wewe umewekwa upande mbaya. Misuli inayokuinua imekaa karibu na mhimili, kama sentimita 5 nyuma ya katikati ya uti. Bunda liko mbele, sentimita 50. Yaani mzigo ndio umekaa kwenye nafasi ya jiwe dogo, na misuli yako imekaa kwenye nafasi ya gunia. Hamsini kugawanya kwa tano ni kumi. Ili kilo 24 zisikuangushe kifudifudi, misuli inavuta kama kilo 240, na bado sijahesabu kichwa, kifua na mikono yako, ambavyo navyo vimeinama mbele pamoja na bunda. Ukilisogeza hadi sentimita 25, hesabu inashuka hadi nusu. Mwili haujui kilo zilizoandikwa kwenye gunia. Unajua kilo na umbali kwa pamoja.

Nguvu hiyo yote inapita kwenye diski. Kati ya pingili na pingili za uti kuna kipande cha gegedu. Ndani kina uteute kama jeli, nje kimezungukwa na nyuzi zilizopishana kwa tabaka, ufumaji wake kama gunia la katani. Nyuzi zile zikichakaa, uteute unasukuma kuelekea nyuma, na ukifika kwenye mshipa wa fahamu unaoshuka mguuni, mtu analia mguu ilhali ugonjwa uko kiunoni. Nimewaona watu wakipakwa dawa ya kuchua gotini mwaka mzima. Tena diski ya mtu mzima karibu haina mishipa ya damu ndani yake, inajilisha kwa kunyonya majimaji taratibu kama sponji, na ndiyo maana ikiumia inapona kwa mwendo wa kinyonga.

Miaka ya 1960 daktari mmoja wa Uswidi, Alf Nachemson, aliwachoma watu sindano za kupimia katika diski zao ili ajue zinabanwa kiasi gani. Aliona kwamba ukiinama mbele na kitu mkononi shinikizo linapanda sana, hilo halishangazi. Kilichonishangaza mimi ni kwamba kuketi nako kulibana diski kuliko kusimama. Tanboi wa lori, umekaa kwenye kebini usiku kucha kutoka Kitale, mgongo umekunjwa, ukifika unaruka chini na gunia la kwanza linakungoja. Hata dakika tano za kutembea hupewi, maana trela jingine liko nyuma linapiga honi.

Na kuna la alfajiri. Usiku ukilala, ile sponji inanyonya maji na kuvimba. Asubuhi binadamu ni mrefu kuliko jioni kwa sentimita moja hivi au zaidi, na diski iliyojaa maji haipendi kukunjwa. Sasa niambieni, malori ya Marikiti yanapakuliwa saa ngapi? Watu wanasema kijana wa asubuhi ana nguvu. Wanasema kweli kuhusu misuli. Diski wangeiuliza kwanza.

Sasa tuje kwenye uzito, na hapa nitakaa.

Upande wa kwenda mjini kuna Kariokor. Jina hilo ni la Kiingereza kilichopita kwenye vinywa vyetu, Carrier Corps, kikosi cha wabeba mizigo wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Makumi ya maelfu ya watu wetu walikufa katika kazi ile, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na maradhi, njaa na uchovu. Soko tunaponunulia vyondo na kula nyama choma limerithi jina lao. Kabla yao walikuwako mapagazi wa misafara, waliotembea kutoka pwani hadi bara na pembe, nguo na shanga. Biashara ile haikuwa na huruma hata kidogo, lakini mzigo wa pagazi ulikuwa na kipimo: kwa kawaida kama frasila mbili, yaani kilo 30 na kidogo. Mwenye msafara alijua kwamba pagazi akivunjika njiani, bidhaa zinabaki porini. Leo, zaidi ya miaka 100 baadaye, katika jiji lenye barabara ya ghorofa, kijana wa Nairobi anabeba mahindi ya kilo 90, karibu mara tatu ya pagazi, kwa ngazi ya ubao, na mwenye mzigo amekaa kwenye kiti anahesabu kwa vijiti.

Duniani watu wamekaa wakapiga hesabu. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani, lililoko Geneva, lilitoa pendekezo kwamba mwanamume mzima asibebe kwa kawaida zaidi ya kilo 55. Taasisi ya serikali ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, ilipoandika upya kanuni yake ya kuinua mizigo mwaka 1991, ilianzia kilo 23, na hapo ni kama kila kitu kimekaa vizuri: mzigo uko karibu na mwili, uko kimo cha mapaja, una mahali pa kushika, huzunguki kiuno, na huinui mara nyingi. Kila kimoja kikiharibika, kilo zinapungua. Mzigo ukiwa sentimita 50 mbele yako, zile 23 zinakuwa 11 na nusu. Uingereza mwongozo wao unaanzia kilo 25 kwa mwanamume na 16 kwa mwanamke, katika kimo cha kiuno.

Linganisheni na vya kwetu. Mfuko wa simiti kilo 50, na hauna mkono wa kushikia. Sukari kilo 50. Mtungi wa maji wa lita 20 anaopanda nao mama wa mjengo hadi ghorofa ya nne ni kilo 20, mara kadhaa kwa saa. Viazi ndiyo aibu yetu kubwa. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zilisema gunia lisizidi kilo 50. Kabla yake sheria ilikuwa imeruhusu 110, na sokoni gunia lilikuwa linashonewa kilemba juu, jirani zetu wa Tanzania wanakiita lumbesa, hata linapita hizo 110. Kanuni ikatoka, wapakuaji tukashangilia, halafu mkaenda sokoni mkajionea wenyewe kama vilemba vimevuliwa vyote. Dalali analipa ushuru na kibarua kwa hesabu ya gunia, kwa hiyo anataka gunia moja libebe mawili. Faida ya kilemba ni yake. Uzito wa kilemba uko shingoni kwa mwingine.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeutazama anauona mwepesi.

Wakubwa mlioketi mbele, nawashukuru kwa kuja, lakini hapa nitawaudhi kidogo. Kila godauni ninaloingia lina picha ukutani: mtu amepiga magoti, mgongo umenyooka, alama ya tiki ya kijani, na pembeni mwenzake aliyeinama na alama nyekundu. Mwaka hadi mwaka tunaitwa tufundishwe kuinama, tunasaini karatasi, tunapewa soda. Sisemi mafunzo ni dhambi. Nasema hivi: watafiti wamekusanya majaribio mengi ya mafunzo haya, wakawalinganisha waliofundishwa na wasiofundishwa, na hawakupata ushahidi kwamba kufundisha namna ya kuinua, peke yake, kunapunguza maumivu ya mgongo. Mikanda ile mipana ya tumboni nayo, NIOSH iliichunguza mwaka 1994 ikasema hakuna ushahidi wa kutosha kwamba inamkinga mfanyakazi mwenye mgongo mzima asiumie. Mimi nilikuwa na mkanda huo siku ya kamba. Nilikuwa nimeshaulegeza, nimeuning'iniza begani kama skafu.

Kwa nini mafunzo hayasaidii? Jaribu kupiga magoti mara 100 ukiwa na kilo 90. Magoti yatakataa kabla ya gunia la thelathini. Mtu akichoka anainama kwa namna ya bei rahisi, na mwili unaijua bei. Lakini karatasi uliyosaini inabaki kwenye faili, na siku ukiumia inatolewa: “Si tulimfundisha?” Hapo mafunzo yamegeuka kuwa bima ya mwajiri.

Kinachosaidia ni kubadilisha kazi yenyewe. Stoo yetu ni ndogo, haina foklifti. Tulichofanya kwanza hakikuhitaji pesa: tuliweka paleti kuukuu tatu, moja juu ya nyingine, na magunia yakapangwa juu yake. Gunia la chini kabisa likapanda kutoka kwenye vidole vya miguu likafika karibu na goti, na safu ya juu tukaiishia kifuani. Pili tulinunua toroli mbili na kusawazisha sakafu, maana toroli kwenye sakafu ya mashimo ni mzigo wa pili. Tatu, na hili lilichukua miezi ya mabishano, tulimwambia mletaji wa chakula cha mifugo alete mifuko ya kilo 25. Alisema wateja hawataki. Wateja walikuja wakachukua, maana hata wao wana viuno.

Kitu cha nne ndicho kigumu, nacho ni malipo. Kibarua wa Nairobi wengi tunalipwa kwa gunia. Ukipumzika dakika kumi, umejikata mwenyewe. Mkibeba wawili wawili, pesa ya gunia moja inagawanywa. Ukienda kutafuta toroli, mwenzako ameshapita na magunia manne. Kwa hiyo unaweza kuweka toroli kumi mlangoni na zikashinda pale zikiota vumbi, na msimamizi akasema, “Unaona? Tumewanunulia, hawataki.” Wanazitaka. Malipo ndiyo hayazitaki. Mkubwa anayetaka kupunguza majeraha bila kugusa namna anavyolipa ni kama anayefunga breki kwenye lori na kuacha mguu juu ya mafuta. Lipeni kwa siku, au kwa kundi zima na kwa tani, watu wagawane zamu na kupumzishana. Mimi niliishi chini ya mipango yote miwili, na nilipokuwa nikilipwa kwa gunia nilikuwa adui mkubwa wa mgongo wangu kuliko bosi yeyote.

Kwa anayehesabu pesa kwanza: kampuni ya bima ya Liberty Mutual hutoa kila mwaka hesabu ya majeraha yanayowagharimu waajiri wa Marekani zaidi. Kuelemewa kwa kuinua, kusukuma, kuvuta na kubeba kumekuwa juu kabisa ya orodha hiyo au karibu na juu kwa miaka mingi, na gharama yake inapita dola bilioni 12 kwa mwaka. Huko wana foklifti kila kona. Huku kwetu gharama ipo pia, ila inalipwa kijijini, na mama anayeuza ng'ombe.

Sasa sheria, kwa ufupi, maana najua chai inanukia.

Tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007. Inamkataza mwajiri kumtaka au hata kumruhusu mfanyakazi kubeba mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kumuumiza. Sikilizeni hilo neno, kumruhusu. Kwa hiyo ile ya “alijitolea mwenyewe, ni kijana mwenye sifa” haimwokoi mtu. Mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama. Kisha iko Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ya mwaka huohuo 2007, ambayo wengi mnaijua kwa jina la WIBA. Mwajiri anatakiwa awe na bima ya wafanyakazi wake. Akishapewa habari ya ajali, ana siku 7 za kumwarifu Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Dai la fidia lisipite miezi 12 tangu ajali. Mahakama ya Juu ilithibitisha sheria hiyo Desemba 2019, kwa hiyo safari inaanzia kwa Mkurugenzi, haianzii kortini, na wakala atakayekuambia vinginevyo anataka nauli yako. Ofisi za Mkurugenzi hazihitaji matatu mbili, ziko hapahapa Industrial Area, Commercial Street. Nao wakubwa wajue kwamba kibarua wa siku ni mfanyakazi. Kutoandikwa kwenye rejista hakumfanyi mpita njia.

Mimi sikujua lolote kati ya haya. Nilinyamaza siku mbili nzima nikiona aibu ya kamba. Kijana, mgongo ukishika ukiwa kazini, sema siku hiyohiyo, sema mbele ya mtu, tuma ujumbe wa simu ili saa na tarehe zibaki. Na usiandike “nimeinama kuokota kamba” ukaishia hapo. Andika ulichobeba tangu asubuhi, magunia mangapi, kilo ngapi. Muuguzi akikuuliza umefanya nini, mwambie hivyohivyo, maana karatasi yake ndiyo itakayozungumza ukiwa umelala.

Hospitali, mambo mawili. Maumivu mengi ya kiuno hupungua katika wiki chache, na kulala kitandani siku nyingi hakusaidii. Tembea polepole, endelea na shughuli nyepesi. Lakini ukiona ganzi sehemu unayokalia na katikati ya mapaja, au mkojo unakataa kutoka, au unatoka bila habari yako, au mguu unaishiwa nguvu, usingoje asubuhi wala usitafute mchuaji. Hiyo ni hospitali usiku huohuo, kwa sababu mishipa ya fahamu inabanwa na saa zinahesabiwa. La pili ni vile vidonge vya maumivu. Nawajua wapakuaji wanaomeza diklofenaki mbili kila alfajiri kabla ya lori la kwanza, kama chai. Dawa ile ikimezwa hivyo kila siku inatoboa tumbo na kuharibu figo, na ubaya wake mwingine ni kwamba inazima kengele huku nyumba ikiendelea kuungua. Unabeba vizuri sana siku ile, halafu siku ya kamba inafika.

Mama mmoja hapo mbele ameniuliza kabla hatujaanza: afanye nini mwanawe, ana miaka 19, analeta pesa nzuri kutoka Gikomba kwa kubeba mabunda ya mitumba, na hasikii la mtu. Mama, simwambii aache. Na mimi nilijengea mama yangu jikoni kwa pesa ya magunia. Mwambie anunue toroli na wenzake watatu kabla ya kununua simu nyingine. Mwambie mabunda yale ni ya kushikwa na watu wawili. Na usiku akiweka mguu kwenye kiti ili avue kiatu badala ya kuinama, usimcheke. Muulize.

Ombi langu kwa wakubwa ni moja, na bei yake ni ndogo kuliko ya kamera mliyoweka getini. Wekeni mizani mlangoni. Ileile ya nafaka. Kila kinachoingia kipimwe, kilo ziandikwe kwa rangi kubwa kwenye gunia lenyewe, na kinachopita kiwango mlichokubaliana na kamati kisibebwe na mtu mmoja. Mtashangaa mtakachokiona. Sisi tulipopima tuligundua gunia lililoandikwa 50 lina 62. Mletaji alikuwa anaongeza “kwa wema”.

Basi nimemaliza. Chai iko nyuma, na mandazi. Wanaotaka kuniuliza juu ya fomu za fidia nitakuwa karibu na mlango. Halafu mabenchi haya ya mbao mliyokalia yanatakiwa yarudi stoo ya kanisa kabla ya saa saba. Mimi sitagusa hata moja, nina cheti cha daktari. Kila benchi watu wanne, wawili kila upande. Kijana wa shati la buluu ndiye ataita.